Pombe ya Kupeleka Ukweni

Mwezi ule sikuweza kukaa mahali. Nilikuwa fundi wa redio, nimepewa meza kwenye baraza la duka moja karibu na soko la Bujumbura, na kazi yangu ilitaka mkono uliotulia. Mkono wangu haukutulia. Nilichomea waya mahali si pake, nikafunga redio ya mteja, akaiwasha mbele yangu ikapiga mluzi tu. Nikaifungua tena, jasho likinitoka, na huku nafikiria pombe.

Si kwamba nilikuwa mlevi. Nilikuwa naposa.

Binti niliyemtaka alikuwa Mrundi wa mtaa wa Ngagara, mtoto wa karani wa serikali. Tulijuana kwa sababu ya redio ya kwao, aliyoileta dukani mara tatu ikiwa nzima. Mimi nilikuwa mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa pale, mji unaouona kwa macho ukisimama ufukweni siku ya anga safi. Nilivuka wakati wa vita vya kwetu, mimi na shangazi yangu, tukapanga vyumba viwili mtaa wa Cibitoke. Shangazi aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Wazazi wangu walikuwa wameshafariki, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa upande wangu wote wa ukoo.

Watu wetu walikubaliwa kwenda Ngagara kusema neno Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Katika nchi ile huwezi kuomba mke mikono mitupu, na kitu cha kwanza kinachotangulia mlangoni ni pombe. Nilidhani jambo ni rahisi: nitanunua kreti mbili za bia, nitaweka kwenye toroli, basi. Binti alicheka nilipomwambia.

"Baba hanywi ya chupa," alisema. "Anasema pombe ya chupa haina mwenyewe. Hujui ni nani umushukuru, hujui ni nani umutukane."

"Anataka nini?"

"Anataka yenye mutu. Urwarwa wa ndizi, ao impeke ya mtama. Na anajua, eh! Akionja anakwambia maji yalitoka kisima gani."

Nilirudi Cibitoke nikampa shangazi habari hizo. Aliacha kuchambua ndagala, akajifuta mikono.

"Pombe ya posa ikichacha, na jina letu limechacha," alisema. "Tutaitafuta."

Ndivyo tulivyoanza kuzunguka kabare, vilabu vya pombe vya Bujumbura, mwanamke mjane na mpwa wake, kila nilipofunga kazi. Shangazi hakuwa mnywaji, ila alikuwa na pua. Alichovya kidole, akanusa, akakiacha kikombe mezani aone povu linakufa upesi au linakaa. Wenye kabare hawakumpenda. Mmoja alimuuliza kama ametumwa na ofisi ya afya.

Pale Cibitoke kwetu tulianzia kwa mama mmoja aliyesifiwa mtaa mzima. Urwarwa wake ulikuwa mtamu mno, nami nikafurahi, nikasema tumeshapata. Shangazi alitikisa kichwa. "Ameweka sukari. Subiri kesho." Kesho yake niliamka na kichwa kinachogonga kama karakana. Tukaenda karibu na bandari, kwa mzee aliyeuza pombe ya ndizi isiyotiwa maji, kali, inayoshuka kifuani kama kaa la moto. Ile ilikuwa nzuri, lakini shangazi alisema huwezi kumpelekea mtu pombe itakayomwangusha kabla hajasikia ulichokuja kusema. Tukajaribu mahali pengine palipokuwa na gitaa na taa za rangi, ambapo vijana walivaa suruali pana na kuagiza kwa Kifaransa. Pombe ya mtama ilikuwepo, imemiminwa kwenye bilauri kama maziwa, baridi, haina ladha ya chochote. Shangazi hakumaliza hata bilauri moja. Alisema, "Hawa wanauza gitaa."

Siku zilikuwa zinakwisha. Nilikuwa natembea hata nikiwa nimekaa. Usingizini niliota Uvira, nyumba yetu, mlango wetu, na nikiamka sikujua mara moja ni upande gani wa ziwa nilioko. Mambo hayo sikumwambia binti. Yeye alikuwa anazungumzia mapazia.

Jumapili ile ya mwisho kabla ya posa, shangazi alibaki nyumbani miguu ikimuuma. Nilitoka peke yangu baada ya misa, nikashika njia ya mtaa wa Kinama kwa miguu. Mteja mmoja alikuwa ameniambia kuna mwanamke huko anayepika impeke ambayo watu wanaifuata kutoka mbali. Niliuliza kwenye nyumba ya kwanza, nikaelekezwa ya pili. Ya pili wakanielekeza nyuma ya kibanda cha kinyozi. Nilipofika sikuona kabare yoyote. Niliona ua wa mabua, chungu kikubwa katikati, na watu wanne wamekaa juu ya vigoda kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mdomoni, kimya kama wanaosali.

Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Hakuniuliza mimi ni nani. Alinipa kigoda na mrija, akanionyesha chungu kwa kidevu.

Nilivuta. Kwanza ilikuja harufu ya mtama uliokaangwa, halafu uchachu mdogo, halafu kitu kama utamu ambacho kilikaa nyuma ya ulimi na hakikutaka kuondoka. Ilikuwa ya uvuguvugu. Nilivuta tena. Kwa mara ya kwanza mwezi ule mguu wangu, uliokuwa hautulii hata nikikaa, uliacha kucheza.

"Mama," nilisema, "naweza kupata mitungi miwili ya hii Jumamosi?"

"Utapata. Ila uje kuichukua asubuhi, uinywe siku hiyohiyo. Yangu haipendi kulala."

Nilikuwa bado namshukuru wakati mtu mwingine alipoingia uani. Alikuwa mtu wa makamo, ana kofia ya pama na viatu vya ofisini vilivyojaa vumbi. Wengine walimsogelezea nafasi bila kuambiwa, na nafasi hiyo ilikuwa ubavuni pangu. Alivua kofia, akaiweka gotini. Ndipo nilipomtambua: baba yake binti. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, akitoka kanisani na familia yake, na binti akanikonyeza kwa mbali kunionyesha. Yeye hakuwahi kuniona kabisa.

Nilitaka kuondoka. Lakini ukiondoka chunguni mara mtu anapokaa, umemtukana. Nikamsalimu, akaitikia, akavuta mrija wake muda mrefu, amefumba macho.

"Kiswahili chako ni cha Uvira," alisema alipofumbua.

"Ndiyo, muzee."

"Bon. Mi nilikuwa natafuta mutu wa huko. Nikuulize neno moja, nawe unijibu vizuri, maana hatujuani."

"Uliza, muzee."

"Kuko fundi mumoja wa redio, mutu wa kwenu. Anamutaka binti yangu. Watu wake wanakuja Jumamosi." Akavuta mrija. "Mi simujui. Banasema ana mikono mizuri. Lakini fundi vyombo vyake vinaenea kwenye sanduku moja. Anafunga, anabeba, anaenda. Mi sina shida na kabila lake. Shida yangu ni hii: watu wa vita wanakaa kama ndege. We unawajua. Huyo atakaa?"

Nilivuta pombe ili nisijibu. Punje ya mtama ikaziba mrija wangu, nikawa navuta hewa. Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema, namjua huyo fundi, ni kijana mwema, mpe mtoto. Maneno hayo yalinifika kabisa mdomoni.

"Muzee," nilisema, "huyo fundi ni mimi."

Wale wanne waliacha kunywa. Mzee hakugeuka. Aliangalia chungu.

"Basi ujibu mwenyewe," alisema taratibu. "Utakaa?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, muzee. Nikilala naota kwetu. Nikiamka niko hapa. Nikikwambia nitakaa, nitakuwa nakuambia kitu nisichokijua. Ninachokijua ni kimoja: kama nitakaa nitakaa naye, na kama nitatembea sitamuacha njiani."

Nje ya ua baiskeli ilipita ikilia mnyororo. Mzee aliuzungusha mrija wake chunguni, kama anayekoroga uji.

"Na hapa umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kutafuta pombe ya kukuletea."

Mwanamke mwenye pombe alicheka kwanza, akaficha uso kwa kitambaa. Wale wanne wakamfuata. Mzee hakucheka, ila masikio yake yalisogea.

"Umeiona?"

"Nimeiona. Ni hii."

"Apana." Sasa alinigeukia, na kwa mara ya kwanza niliona ana hofu. "Hii usiilete. Mama watoto akiionja tu, atauliza ni ya nani. Na akijua ni ya nani, atajua Jumapili mi nakuwaga wapi. Nyumbani wanajua niko kwenye mukutano wa parokia."

Halafu akasimama, akavaa kofia, akatoka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Hakuniaga.

Siku zile za katikati sitaki kuzikumbuka. Nilizunguka mji nikiwa sina ninachokitafuta. Shangazi nilimweleza yote. Aliniangalia kama mtu anayeangalia samaki aliyeanza kunuka.

"Ulishindwa kusema utakaa? Neno moja tu?"

"Ningekuwa namdanganya."

"Unaposa, mwanangu! Wote wanadanganya kidogo!" Lakini kesho yake alirudi mwenyewe, miguu ikiuma, kwa yule mama wa sukari. Alimsimamia tangu ndizi zinakamuliwa, akahakikisha sukari haikugusa chombo.

Jumamosi tulikwenda Ngagara, shangazi, mimi, na mshenga wetu, mzee jirani wa Cibitoke aliyejua Kirundi cha heshima. Mitungi ilitangulia. Tulikaa upande wetu, wao upande wao. Baba mtu alikuwa amevaa koti, uso mkavu, ananiangalia kama asiyewahi kuniona duniani. Mama mtu alionja urwarwa wetu kwanza, akalamba mdomo, akasema kwa Kirundi kwamba unanyweka. Shangazi alishusha pumzi.

Mshenga alisema vizuri sana. Alizungumza juu ya ng'ombe, juu ya ziwa ambalo halitenganishi watu bali linawaosha miguu. Ndipo baba mtu akainua mkono na kuuliza mbele ya wote:

"Huyu kijana ni mutu wa ng'ambo. Atakaa?"

"Atakaa kama mlima!" mshenga alijibu mara moja. "Mlima umewahi kuhama?"

Watu wakaitikia kwa furaha. Mimi niliangalia sakafu. Mguu wangu ulikuwa unacheza tena, nikaushika kwa mkono.

"Maneno ya mushenga ni matamu," baba mtu alisema. "Lakini mi naona mguu wa kijana. Huyo si mulima." Shangazi akanishika kiwiko. "Mi nilifanya kazi ya muzazi. Nilitafuta mutu wa Uvira, nikamuuliza habari zake. Huyo mutu angeweza kunidanganya, hakunidanganya. Basi mi nimetosheka."

"Mutu gani huyo?" mkewe aliuliza.

"Mutu tu. Tulikutana njiani."

Alikunywa, akanipa kikombe kilekile nikanywa mbele ya watu wote. Nikamwaga kidogo kwenye shati. Kutoka nyuma ya pazia la chumba cha ndani nilisikia mtu akicheka, nikajua ni nani.

Tulioana kabla ya mvua. Kwa miaka kadhaa nilifunga na kufungua sanduku langu la vyombo, kila ziliposikika habari njema kutoka Uvira, na kila mara kulikuwa na jambo: mtoto homa, shangazi mgonjwa, redio za watu hazijaisha. Tulihama nyumba mara nyingi, Cibitoke, Ngagara, Cibitoke tena. Ziwa hatukulivuka. Sijui kama hiyo inaitwa kukaa. Mke wangu anasema inaitwa hivyo, nami nimeacha kubishana.

Baba mkwe alinichukua kwenye mikutano yake ya parokia. Jumapili moja tulifika Kinama tukakuta ua wa mabua umebomolewa. Yule mwanamke ameondoka na vyungu vyake, na kinyozi hakujua alikoelekea, wala kama aliondoka kwa kupenda. Miaka ile watu waliondoka, na kuuliza sana hakukuwa salama. Baba mkwe alisimama pale muda, kofia mkononi. Kisha tukaanza kutafuta upya, mtaa kwa mtaa, tukigonga milango ya watu tusiowajua.

Siku moja tulikaa mahali fulani kaskazini, kwenye benchi lililopinda, tukapewa kitu cha kijivu chenye mapovu makubwa. Yeye alivuta mara moja, akafikiri.

"Vipi, baba?" nilimuuliza.

"Mbaya," alisema, na tayari alikuwa ameshasimama. "Twende mbele."