Kifunguo cha Rediata

Kwetu Nakuru redio ikinyamaza hupigwa kofi ubavuni, nayo husema. Baba alifanya hivyo, nami nikakua nikijua kwamba punda haendi bila kigongo, na chuma ni vivyo hivyo. Ndiyo akili niliyokwenda nayo Birmingham.

Miaka ya sabini ilipoanza tulinunua nyumba mtaa wa Balsall Heath, mimi, mke wangu muuguzi na binti yetu wa miaka miwili. Ilikuwa na boila jikoni, na kila chumba kilikuwa na rediata ukutani iliyopitisha maji ya moto. Nilijivuna sana. Lakini baridi ilipokaza, rediata ya chumba cha mtoto ikapata joto chini tu, juu baridi tupu. Mtoto akaanza kukohoa.

Nikaipiga kofi. Kesho yake nikaipiga teke. Ilipofika Jumamosi nilikuwa nimeshika nyundo.

Jirani yetu, mzee wa Kihindi mwuza vitambaa, mzaliwa wa Kisumu, alisikia vishindo ukutani akaja na kifunguo kidogo cha shaba. "Ndani iko upepo tu, ndugu yangu," akasema. "Fungua hapa juu kidogo, itatoka. Piga ya nini?" Nilimshukuru kwa mdomo, nikakitupa kifunguo kwenye droo. Mimi niliyeshinda nikifua vyuma kiwandani Aston, nifundishwe chuma na mwuza vitambaa?

Mke wangu hakucheka. Aliniambia huku akikunja nepi, "Baba watoto, baba yangu alianza na sufuria. Baada ya sufuria, mbwa. Baada ya mbwa, mama. Siku utakayonigusa mimi, sitangoja ya pili." Nikamwambia aache kunifananisha na walevi.

Jumapili moja alasiri mtoto alikohoa mpaka akatapika. Nikaichukua nyundo. Nilipiga mpaka rangi ikaruka, mpaka plasta ya ukuta ikaanguka kitandani pake, naye akalia kwa hofu. Nilikuwa nimepandwa na mori, na nisiseme uongo, nilisikia utamu. Nikamgeukia mke wangu, aliyekuwa akimfuta mtoto kwa nepi, nikamuuliza kama alifurahi kuniona nikishindwa. Akanyamaza. Nikauliza tena. Akazidi kunyamaza, ananitazama tu.

Nikampiga kofi.

Hakulia. Damu ilimtoka mdomoni, akaipangusa kwa nepi. Akaenda kwenye droo, akarudi na kifunguo, akapiga goti penye rediata na kukizungusha kidogo. Upepo ukatoka ukifoka, kisha matone meusi ya maji. Akayakinga kwa nepi ile ile, akafunga. Haikuchukua hata dakika mbili. Akangoja, kiganja juu ya chuma, mpaka akahakikisha joto limepanda. Kisha akamvika mtoto koti, akavaa lake, wakatoka.

Sikumzuia. Mkono wangu ulikuwa bado unawasha, na niliuogopa. Alikwenda kwa muuguzi mwenzake, mtaa wa Winson Green, na kama alivyosema, hakungoja ya pili. Hakurudi.

Mimi niliketi kwenye kitanda cha mtoto, katikati ya vipande vya plasta. Chumba kikapata joto zuri, hata nikalazimika kuvua sweta.