Insha ya Chumba cha Mama

Nilipokuwa darasa la tisa tulikuwa na kazi tatu za kuandika kila wiki. Insha ya fasihi ya Kiingereza tuliikusanya Jumatatu, ya historia Jumatano, na maswali ya Biblia Ijumaa kabla ya kengele ya mchana. Shule ilikuwa ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Mwanza, na karibu wote walilala bwenini. Sisi wa kutwa tulikuwa wanne. Mimi nilitoka Kirumba kwa miguu, madaftari nimeyafunga kwenye kitambaa, kwa sababu mwalimu wa fasihi alikata alama mbili kwa kila daftari lenye doa.

Nyumbani tulikuwa Waislamu. Baba alikuwa karani wa boma, na alipoulizwa kama niingie kwenye somo la Biblia au nikae nje na daftari la hesabu, alisema, "Lipo kwenye mtihani. Atasoma." Bibi, mama yake baba, alinuna siku mbili. Baadaye akawa ananitaka nimsomee kwa sauti kila nilichoagizwa, na kila nilipofika kwenye nabii alinisahihisha jina lake.

Mama alikuwa Mkerewe aliyesilimu alipoolewa. Alijua kusoma msahafu na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini herufi za shule hakuzijua, kwa hiyo barua zake zote niliandika mimi. Alikaa kitandani, mimi nikakaa chini, yeye akisema na mimi nikiandika. Barua nyingine zilikwenda kwa dada yake Nansio. Nyingine zilikwenda Tabora kwa mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, nazo zilizungumzia foronya: foronya kumi zimefika, foronya ishirini zinahitajika kabla ya mwezi kwisha.

Nilijua foronya ni nini. Chama cha kudai uhuru kilikuwa kimepigwa marufuku katika jimbo letu, na kadi zake zililetwa Mwanza na dereva mmoja wa lori. Mama alizifunga kwenye karatasi ya mafuta na kuzizika ndani ya debe la unga wa muhogo, chumbani kwake. Jumanne na Jumamosi alasiri walikuja wanawake saba au wanane na nguo zao za kudarizi. Charahani ilizunguka, walicheka, walinong'ona, na kila mmoja aliondoka na foronya yenye kitu kigumu ndani ya pindo. Baba, kwa kuwa alikula mshahara wa serikali, hakuruhusiwa hata kusimama karibu na mambo hayo. Siku hizo mbili alitoka mapema akaenda kusoma gazeti kwenye baraza la duka la rafiki yake Mhindi, na hakurudi mpaka charahani imenyamaza. Hakuuliza kitu. Unga wa debe lile hakuwahi kutaka upikwe.

Hakuna aliyeniambia nisiseme. Nadhani mama aliona haihitajiki.

Muhula wa pili mwalimu wa fasihi alinipa sita juu ya kumi mara tatu mfululizo. Alikuwa mwanamke wa Kizungu, mrefu, mpole, aliyevaa viatu vya kamba kama vya mwanamume. Chini ya insha yangu ya tatu aliandika kwamba nina maneno makubwa lakini hakuna kitu cha kushika. Maneno yale yaliniuma kuliko alama. Kisha akatoa kazi ya wiki iliyofuata: tueleze chumba tunachokijua vizuri, ili mtu asiyewahi kuingia akijue kama aliyelala humo.

Niliandika Jumapili mchana, nimekaa mlangoni kwa mama, naye amekwenda msibani. Niliandika kitanda cha kamba na mto wa sufi. Niliandika harufu ya mafuta ya charahani ikichanganyika na udi. Nikaona bado hakuna kitu cha kushika. Nikaandika wanawake, jinsi walivyovua viatu na kuvipanga, jinsi mmoja alivyokuwa akiuma uzi kwa jino la pembeni. Nikaandika debe, na mkono wa mama ukizama ndani ya unga mpaka kwenye kiwiko, ukitoka mweupe umeshika kifurushi. Sikuandika neno "chama." Niliandika "kadi." Nilipomaliza nilijisomea mara mbili, na nakiri kwamba nilifurahi sana.

Alama ilikuwa tisa na nusu. Jumatano mwalimu alisimama mbele ya darasa akaisoma insha yangu yote kwa sauti, polepole, na alipofika kwenye mkono mweupe aliinua macho akanitazama. Wasichana wa bweni waligeuka kunitazama. Nilipoyasikia maneno yale yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, ndani ya chumba chenye watu ishirini na sita, nilielewa nilichofanya. Lakini nilijiambia ni wasichana tu, na ni Kiingereza, na ni insha.

Jumanne iliyofuata nilirudi nyumbani nikakuta mlango uko wazi na majirani wamesimama barabarani. Ndani, unga ulikuwa umemwagwa juu ya mkeka, juu ya kitanda, juu ya charahani. Bibi alikuwa amekaa katikati yake, kanga yake imekuwa nyeupe.

"Wamemchukua mama yako," alisema. "Askari wanne na bwana mmoja wa Kizungu. Hawakutafuta. Waliingia wakaenda moja kwa moja kwenye debe."

"Na wale wanawake?"

"Wawili walikuwa wamekwisha fika. Wamechukuliwa nao."

Nilichukua ufagio nikaanza kufagia. Bibi akaniambia niache, unga ule bado ni chakula, tuukusanye kwa mikono. Tukaukusanya pamoja, na wakati wote ule nilisubiri aniulize. Hakuniuliza, kwa sababu hakujua kitu cha kuuliza.

Asubuhi yake nilitembea kwenda shule na msichana mwenzangu wa kutwa. Baba yake alikuwa sajini wa polisi. Tulikuwa tukitembea pamoja tangu mwanzo wa mwaka, tukisikilizana majibu ya Biblia njiani. Siku ile alitembea ameinamisha kichwa, na tulipofika kwenye mawe makubwa alisimama.

"Sikukusudia," alisema.

"Ulimwambia baba yako nini?"

"Nilimwambia umepata tisa na nusu. Aliniuliza kwa nini mimi nina tano. Nikamwambia wewe unaandika vizuri, mwalimu ameisoma insha yako mbele ya darasa. Akaniuliza umeandika nini, nikamwambia. Nilikuwa nakusifu." Alianza kulia. "Aliacha kula. Ndipo nikajua."

Nilitaka kumpiga. Nilishindwa, kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli, na kila nilichoandika kilikuwa kweli, na yeye hakufanya zaidi ya nilivyofanya mimi. Tulikwenda shule kila mmoja upande wake wa barabara, na hatukutembea pamoja tena.

Mwalimu wa fasihi aliniita ofisini kabla ya mapumziko. Alikuwa amekwisha kusikia, maana askari walikuja kwake wakainakili insha yangu. Uso wake ulikuwa mwekundu.

"Nilidhani umebuni," alisema. "Nilidhani ndicho kilichokuwa kizuri, kwamba umebuni."

Alinirudishia daftari akaniambia ningeweza kuzichana kurasa zile nikitaka, yeye hangeuliza. Nilizichana, nikazichoma jikoni. Haikusaidia chochote, maana kilichokuwemo kilikuwa kimekwisha kufika kinakokwenda.

Wiki ile ile kazi ya Biblia ilihusu mwanamke wa mji mmoja wa kale aliyewaficha wageni darini kwake, chini ya mabua ya kitani. Watu wa mfalme walipokuja kuwatafuta, yeye aliwaambia wameondoka zamani. Tuliulizwa tueleze jinsi alivyoonyesha imani. Niliandika kurasa tatu. Niliandika kwamba alijua la kusema na la kunyamazia, na kwamba kama nyumba ile ingekuwa na binti anayesoma shule wageni wale wangekufa. Mwalimu wa Biblia, mama mzee wa misheni aliyetupenda wote sawasawa, aliandika kwa wino mwekundu kwamba nimetoka nje ya swali. Alinipa tatu.

Mama alirudi Jumamosi, baada ya kuachiliwa pamoja na wale wawili. Alikuwa amekonda usoni, na alipoingia alikwenda kuoga kabla ya kumsalimia mtu. Kisha alichukua ungo, akakaa uani kuchekecha ule unga tuliokusanya, akitoa nyuzi na mchanga. Nilimfuata nikapiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, ni mimi. Niliandika shuleni."

Ungo haukusimama. "Najua. Waliniambia kituoni. Walinisomea, na mtu akanigeuzia kwa Kiswahili." Alitoa uzi mwekundu kwenye unga akautupa. "Nani alikuuliza habari za debe?"

"Mwalimu alisema tueleze chumba tunachokijua."

"Vyumba vingi unavijua. Jiko hulijui? Chumba cha bibi yako hukijui?"

"Nilitaka alama, mama."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu arudi. Sikuona hasira. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba, akipima amwelekeze wapi.

"Umezipata," alisema, akaendelea kuchekecha.

Baba aliitwa kwa bwana mkubwa wa boma wiki iliyofuata. Hawakumfukuza. Walimhamisha awe karani kwenye kituo kidogo upande wa pili wa maji, mahali ambapo, alisema, hata kalamu zilikuwa za kuazimana. Mama hakwenda naye, kwa sababu bibi hakuweza kusafiri, na pia, nadhani, kwa sababu wale wanawake walikuwa bado hapa. Mimi ndiye niliyemsindikiza baba mpaka kivukoni Kigongo. Tulikaa juu ya sanduku lake la bati tukisubiri pantoni itoke Busisi, na hakusema lolote juu ya insha. Aliniuliza kazi ya historia wiki ile ni nini. Nilimwambia, tukaizungumzia mpaka pantoni ikafika, naye akasimama kunyoosha kanzu. Alipopanda aligeuka akanipungia mkono mara moja, halafu akaenda kusimama upande ule mwingine, anakoelekea.

Wanawake walianza kuja tena baada ya miezi mitatu, siku nyingine, saa nyingine. Kila nilipoingia walikuwa wakizungumzia bei ya dagaa. Nilikuwa nikisikia sauti zao nikiwa uani, zikipanda na kushuka, na mara mguu wangu ukigusa kizingiti zinageuka dagaa. Hawakunitukana wala hawakuninunia. Yule aliyekuwa akiuma uzi kwa jino aliniuliza habari za masomo kila wiki kwa adabu, kama anavyoulizwa mtoto wa jirani. Nikajifunza kukohoa kabla ya kuingia.

Barua nazo zikaisha. Mwanzoni nilifikiri mama haandiki tena. Kisha nikamwona siku moja alasiri na daftari la ukurasa mpana na kalamu ya risasi. Amekaa kitandani pale pale alipokuwa akinisemea, anafuatisha herufi za shule, a, e, i, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Mke wa mwalimu mmoja wa Kirumba alikuwa anamfundisha. Nilisema, "Mama, ningeweza kukufundisha mimi." Alisema, "Wewe una kazi zako za wiki." Alisema kwa upole, wala hakuficha daftari. Nililia chooni siku ile, na nimelia mara chache sana maishani.

Marufuku iliondolewa. Chama kikawa jambo la mchana kweupe, na mama akawa mmoja wa wanawake waliotembea mbele wakati wa maandamano, amevaa kanga mpya. Nilipofika darasa la kumi na mbili, nchi ikikaribia kujitawala, mwalimu wa historia alitupa kazi ya wiki: tueleze jinsi watu wa kwetu walivyoshiriki kuutafuta uhuru. Wenzangu walishangilia, maana hapo kabla tulikuwa tukiandika habari za wafalme wa mbali na wasafiri wa Kizungu. Nilikaa na ukurasa mbele yangu siku mbili. Jumatano nilikusanya daftari likiwa tupu. Mwalimu aliniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Nikasema ndiyo, akaniandikia sifuri.

Baba alirudishwa Mwanza mwaka wa Uhuru, akiwa na homa isiyoisha na sikio moja lisilosikia vizuri. Usiku wa kupandisha bendera alibaki nyumbani na bibi. Nilikwenda uwanjani, nikamwona mama kwa mbali akiimba na wenzake. Nilisimama na watu nisiowajua nikaimba nilipokuwa.

Mwezi uliofuata nilikwenda chuo cha ualimu kwa treni. Mama alinisindikiza stesheni, amebeba samaki wa kukaanga ndani ya kapu. Nilitaka kumwomba msamaha tena, lakini alikuwa akishughulika na kapu, akilifunga na kulifungua, akiniambia nile wale wakubwa kwanza kwa kuwa wangeharibika. Treni ilipotoka aliinua mkono mpaka nilipoacha kumwona.

Barua yake ya kwanza ilifika baada ya wiki tatu. Herufi zilikuwa kubwa, zimeegemeana. Aliandika kwamba mvua imenyesha, bibi anasalimu, baba ameanza kutembea mpaka dukani. Aliandika vivyo hivyo kwa miaka kumi na tisa, mpaka mkono wake ulipochoka, na nilizisoma barua zile mbele na nyuma nikitafuta. Zilikuwa na mvua, samaki, harusi na misiba ya Kirumba. Nani aliingia chumbani kwake, na walizungumza nini, hakuniandikia hata mara moja.