Jinsi Nilivyomharibia Bwana Kifaru Maneno Yake

Rafiki zangu, mmeniuliza mara nyingi kwa nini nilitoka Kabambare bila kuaga mtu, na mimi huwadanganya kwamba miguu yangu haipendi kutulia. Ukweli ni kwamba nilikimbia aibu.

Wakati wa Wabelgiji nilikuwa karani na mkalimani wa mzungu mmoja, mnunuzi wa pamba, tuliyemwita Bwana Kifaru, kwa kuwa katika vita vya Ulaya aliongoza kifaru, ile motokari ya chuma yenye mzinga. (Ajabu yake, hakuingia tena ndani ya motokari yoyote, mvua ama jua, hata kijijini Lusangi alikwenda kwa baiskeli.)

Sikukuu moja sultani wetu alimwomba asimulie vita vyake. Miaka yote alikataa, siku ile akakubali, maana mbele walikaa askari wetu waliorudi kutoka Abisinia. Akasema kwa Kifaransa: "Kifaru chetu kiliwaka moto, nikaruka wa kwanza. Vijana wangu watatu waliungua. Ninyi mliopigana, niambieni, mtu kama mimi husamehewa?"

Nikamtazama sultani alivyojipamba, nikaona ngoma ziko tayari, nikageuza kidogo tu (kidogo!): "Kifaru kiliwaka moto, akaokoa vijana watatu!"

Vigelegele! Basi uongo wa kwanza ukataka wenzake, nikaongeza huku na huku, mpaka wakambeba mabegani, ngoma zinalia na yeye analia, ananiuliza kutoka juu, "Umewaambia nini? Mbona wanafurahi?"

Ndipo Baba Saleh, askari aliyeokota Kifaransa vitani kwa afisa wake, akapiga kelele: "Mumushushe! Karani, weye ulikuwa ndani ya kile kifaru? Mutu analeta wafu wake kwetu, weye unatuchezesha ngoma?"

"Na masomo yote ile!" mama mmoja akadakia, watu wakacheka, kisha wakamshusha.

Bwana Kifaru akajipangusa uso, akaenda zake. Baba Saleh akamfuata, akamweleza kwa Kifaransa nilivyogeuza, wakaketi barazani kwa Bwana mpaka jioni, nami nikipita nilimsikia Baba Saleh akimwambia, "Hata siye tuliacha wenzetu njiani, ndugu."

Hakunifukuza, hakunitukana. Ila tangu kesho yake, tukiwa meza moja, kila agizo aliniandikia kwenye karatasi.

Nilivumilia juma moja. Sasa mtu akiniomba nimsemee, hata kwa ndugu yake, nakataa: sijiamini na neno la mtu mdomoni mwangu.