Mkono Juu ya Nyuzi

Juzi mwanangu alitoka kufungua geti, akaacha gitaa lake la besi limechomekwa kwenye amplifaya. Amplifaya ilikuwa ikivuma peke yake sebuleni, nami nikajikuta kijijini kwetu Sosiot tena, alasiri ile tuliyomzika kaka yangu Kiprono.

Wenzake wa bendi ya roki walikuwa wametuletea vyombo vyake. Mmoja alichomeka waya wa gitaa la Kiprono, akawasha amplifaya tuone kuwa bado iko sawa, kisha wakaenda nje kunywa chai. Nyumba ilinuka vumbi lililopata joto na majani ya chai mabichi. Halafu ukaja ule mvumo, mzito, kama mtu anayelia akiwa amefunga mdomo.

Mama aliweka kiganja kwenye nyuzi. Ukanyamaza. Alipokitoa, ukaanza tena.

“Mama, ni Kiprono analia?” nikauliza.

“Lete kiti,” akasema.

Alikaa hapo, mkono juu ya nyuzi, mpaka wageni wakaenda. Niliamini anambembeleza.

Siku hizi najua ni kasoro ya umeme tu. Mtu akigusa nyuzi, mvumo hukatika. Mwanangu aliporudi alinikuta nimeinama, kiganja kwenye gitaa lake.

“Toa tu mkono, mama. Nitaizima.”

“Lete kiti,” nikamwambia.