Ghorofa Langu la Karatasi

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Profesa wangu hapa Guangzhou alitaka nimwambie fani nitakayofanyia mtihani wa leseni ya uhandisi ujenzi: majengo, barabara au maji. Nilikwama, mpaka nilipopita duka la kichochoroni kule Sanyuanli nikaona ghorofa la karatasi, lina madirisha, ngazi, hata balkoni. Nikasema moyoni, basi, ni majengo. Nitampelekea na mfano wake.

Bibi mwenye duka hakutabasamu. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Mwenyewe anaitwa nani?" Nikajidai, nikamtajia jina langu la Kichina, lile alilonipa profesa mwenyewe. Akaliandika kwa wino mweusi juu ya mlango, akanikabidhi ghorofa kwa mikono miwili, macho chini.

Kwenye basi watu walinipisha kiti, kisha wakahama safu nzima. Dada Neema, mfanyabiashara wa nguo kutoka Mwanza niliyepanda naye, akaninong'oneza, "Mdogo wangu, mbona kama tumebeba maiti?"

"Wanaheshimu wahandisi, dada."

Profesa alipoliona mezani kwake alisimama, akavua miwani.

"Pole sana," alisema. "Nyumba hizi tunawachomea wafu wetu, wapate pa kuishi huko waliko. Nani amefariki?"

Akaninyooshea mkono wa pole, huku akiinama kusoma jina la marehemu mlangoni.

Mkono wake haukunifikia. Aliurudisha taratibu, akaufuta kwenye suruali.