Mtumbwi Niliouanika Mwenyewe

Bado nina hasira, na nyingi ni za kujikasirikia. Nilijifunza kusoma peke yangu, kisha nikakikariri kijitabu cha serikali cha kuzuia mbu mashambani, nikaanza ukaguzi kwa majaribio hadi watu wakaniita Bwana Mbu. Kilisema maji yote yaliyotuama yamwagwe. Basi nilipokuta mtumbwi wa Bi Zainabu umejaa maji kando ya mpunga wake, hapa Salale, viluwiluwi wakicheza ndani, nilifoka.

“Bibi, unafuga malaria!”

“Nimeyatia makusudi, mwanangu. Mti ukikauka unapasuka.”

Visingizio! Niliyamwaga, nikaupindua mtumbwi juani.

Juma lililopita akaja bwana afya, Mwingereza, kuamua kama nitaajiriwa rasmi. Ilibidi tuvuke kijito.

“Mtumbwi huu haufiki,” Bi Zainabu alisema.

Nikamwona mkaidi, nikamlazimisha atuvushe. Katikati ya kijito maji yakapanda kupitia nyufa. Niliyachota kwa kofia yangu mpya, nikimlaani fundi aliyeuchonga.

“Nani kauharibu?” bwana afya akauliza, maji yakimfika magotini.

Bi Zainabu aliegemea pondo lake la kusukumia mtumbwi. “Soma ripoti aliyokupa Bwana Mbu huyu.”

Bwana afya akaitoa mfukoni, akausoma kwa sauti mwandiko wangu niliourudia mara tatu upendeze: “Mtumbwi mmoja. Nimeukausha barabara.”