Pale Anaporudi Shambani

Asubuhi moja niliondoka mji wetu wa Haltom City, huku Marekani, bila mpango wowote, na jioni basi likanishusha Houston. Mama mmoja Mrundi mwenye chumba cha kupangisha alinifungulia mlango akitafuna karafuu.

Kule Haltom City baba naye alikuwa akitafuna karafuu, jino likimsumbua, kila alipotoka kazini ghalani, nami nikimsomea kitabu cha maktaba juu ya rais wa kwanza wa Marekani. Alicheka kusikia kwamba mkubwa yule aliapishwa akiwa na jino moja tu.

"Sasa ananizidi nini?"

Lakini alichopenda zaidi ni ukurasa ambapo rais anaacha madaraka na kurudi shambani kwake. Shamba letu lilibaki Burundi, na lilishachukuliwa na wengine.

"Soma tena pale anaporudi."

Nikasoma, kisha nikafunua ukurasa uliofuata. Rais hakukaa sana shambani, akafariki.

"Alifia wapi?"

"Nyumbani kwake, baba. Kitandani."

Baba alishika shavu lake lililovimba.

"Basi funga kitabu, mwanangu. Huyo alipata yote."

Yule mama wa Houston aliniuliza nitakaa muda gani. Nikamwambia sijui, naye akanionyesha kitanda.